Salamu Zilizonikosesha Usaili

Sparkhill, Jumatano 17 Mei 1972

Na yote kwa sababu ya salamu! Usaili wangu wa unesi huku ugenini ulikuwa saa nane, hospitali moja huko mashamba, na gari letu likapotea njia. Salum mume wangu akamwona mkulima mmoja mzee getini.

"Muulize njia tu," nikamwambia.

"Bila salamu? Mie nina adabu zangu."

Akamuuliza hali, watoto, mpaka ng'ombe.

Mzungu wa watu alivyofurahi! Akatusimulia barabara ile ilivyokuwa ikipita mlangoni kwao, babu yake alivyoipondea kokoto, mafuriko yalivyoihamisha. Chai ikaletwa. Ilipogonga saa tisa, barabara inakotoka tulikujua, inakokwenda hatujauliza.

Kesho nimpigie simu metroni, mkuu wa manesi aliyekuwa anisaili, nimwombe radhi. Naogopa.

Salum anasema nianze na hali ya watoto.