Chuma Chako Kinacholala Kushoto

Mpendwa kaka Yusufu,

Mvua za masika zimeanza na wewe hujarudi. Ulisema unakwenda Bujumbura kujaribu kazi ya gereji kwa mjomba, na ukishazoea utatuma habari. Mwanzoni mama alinituma stendi kila basi lilipoingia. Siku hizi hanitumi tena. Mimi ninakwenda uani kwa mzee Saidi, kwenye vyuma vya mazoezi.

Unakumbuka tulivyotengeneza chako? Kila anayeanza mazoezi pale hutengeneza chuma chake mwenyewe, na akiondoka huwaachia wenzake. Wewe ulipata bomba gereji, mimi nikaleta makopo mawili ya maziwa ya unga. Tukamimina saruji kwenye kopo la kwanza, ikakauka, tukageuza bomba tumimine la pili. Saruji ikatuishia. Ukasema, "Tuongeze kokoto, nani atajua?"

Wenzako uani walijua wote siku ya kwanza. "Yusufu, chuma yako iko inalala upande kama mlevi wa baa za Gisimenti!" Ulisogeza tu mikono kidogo kushoto, upande wa kokoto ulio mzito, kikatulia juu ya kifua chako bila kuyumba.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, na aibu yangu unaijua: hata kumsalimia mgeni kulinitoa jasho. Baba alikubali nifuatane nawe baada ya swala ya alfajiri, kabla wanaume hawajajaa uani. Nilikaza kitenge juu ya suruali yako ya zamani, nikainua bomba tupu, nawe ukahesabu kwa Kifaransa kwa sauti ya puani ili nicheke. "Pumua, mdogo wangu. Chuma hakiumi." Kigali nzima sikuwa na mahali pengine ambapo nilisahau kujificha.

Asubuhi ya safari yako ulipitia uani na mfuko begani. Ukakigusa chuma kwa kiatu, ukaniambia, "Nikirudi, nikukute unakiinua."

Basi sikiliza. Juzi Hamisi, yule fundi cherehani mwenye mabega mapana, alikuja na nyundo. "Leo tunapasua hii kopo, tunamimina upya. Mwenyewe iko wapi? Iko Bujumbura anakula samaki mukeke, sisi ametusahau!" Wakacheka. Nilikuwa nimesimama karibu na ukuta, mahali pangu pa siku zote, nikaona nyundo ikipanda. Nikawaza: utarudi, utaingia uani, utatafuta kitu chako na hutakiona. Sauti ikanitoka.

"Acheni! Chuma hakina kosa. Ninyi ndio mnakishika vibaya."

Wote wakageuka. Nilitamani ardhi inimeze.

"Eh, kumbe huyu dada anasema!" Hamisi akashusha nyundo. "Haya, mwalimu, tufundishe."

Nikainama. Rangi ya bomba imechubuka pale ulipozoea kushika, nikaweka vidole vyangu papo hapo. Nikapumua. Kilinikataa magotini, kikanikataa tena kiunoni, kisha kikafika kifuani, kikasimama sawa. Mimi ndiye niliyetetemeka, chenyewe hakikuinama. Hamisi alitazama mikono yangu kwa muda, akaenda kuweka nyundo chini ya benchi. Mzee Saidi akasema, "Yusufu aliacha mtu."

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, na nilipofika mlangoni nikalia, kwa sababu wewe peke yako ndiye niliyetaka unione.

Sasa wanaume wananisalimia kwa jina langu, na mimi ninaitikia. Hamisi naye amejifunza kusogeza mikono. Lakini kaka, ile michubuko yako kwenye bomba inapanuka kila siku kwa mikono yetu, na ninaogopa kwamba siku moja sitaweza tena kuonyesha ipi ilikuwa ya kwako. Njoo kabla ya hapo. Njoo ukishike mwenyewe.

Mdogo wako, anayekushikia upande mzito,
Zaina