Kigoda Chenye Waya wa Shaba

Mbeya, 9 Januari 1956

Shangazi Paskalina,

Kamwene. Natumaini mvua hazijakubomolea jiko na goti limepoa. Huku baridi inatafuna masikio, ila mimi na mke wangu Sekela tu wazima. Juliana, wewe unayemsomea mama barua hii, salamu zako nazo zimo.

Unakumbuka kazi yangu mpya ya Chama cha Historia, ile uliyosema ni ya kufagia vumbi la wafu. Tunatengeneza chumba cha makumbusho karibu na maktaba, nami naandika vikadi vya kueleza kila kitu ni nini na kimetoka wapi. Juzi mjane mmoja wa Kizungu, ambaye marehemu mumewe alilima tumbaku huko kwetu Iringa, alituletea sanduku la vitu vya zamani. Nikatoa humo kigoda. Kina miguu mitatu, mmoja umefungwa waya wa shaba, na upande mmoja kimeungua.

Shangazi, si ndicho kile cha babu? Kile mnachosema Jailos wa Ipogolo alikiiba usiku alipolala kwetu, mwaka wa nzige? Nijibu upesi.

Mwanao,
Ambrosi

Kihesa, 17 Januari 1956

Mwanangu Ambrosi,

Sisi wazima, goti ni lile lile. Barua yako ilinikuta nachambua maharage, na maharage yako pale pale hadi sasa.

Ndicho. Waya ule aliufunga baba yako Danieli mimi nikimshikia mguu wa kigoda. Kuungua kule ni babu yako alikisogeza motoni siku amelewa. Basi, siku za mwizi ni arobaini. Miaka yote hii kikombe cha ulanzi kikizunguka, kikifika kwa Jailos kinarukwa, naye anakunywa kwenye kikopo chake cha bati anachokuja nacho, na bado anakana. Kumbe alimpelekea Mzungu.

Nasikia kifua kinamsumbua, hatakaa sana. Ndiyo maana nina haraka. Jumapili ya kwanza ya Februari, baada ya misa, ukoo unakutana Ipogolo kwa ulanzi, na Jailos ataletwa. Nitasimama niseme mbele ya wote kigoda kimeonekana wapi. Asizikwe akiitwa mtu mwema. Wewe muulize huyo mama ni nani aliyekipeleka, nisiseme kwa kubahatisha.

Shangazi yako,
Paskalina

Mbeya, 26 Januari 1956

Shangazi,

Poleni na mvua. Salamu zangu leo ni fupi, unisamehe. Nakuomba usiseme neno Jumapili hiyo.

Nilikwenda kwa yule mama pamoja na Mwalimu Asukile, mwenyekiti wetu. Anakumbuka vizuri. Anasema kijana alifika kwao alfajiri, amelowa chapachapa, na kigoda kichwani. Dada yake alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto amekaa vibaya. Aliomba lori. Bwana akakataa, akasema petroli haichotwi mtoni. Kijana akakiweka kigoda chini, akasema, hiki ndicho anachokalia anayerithi nyumba yetu, kichukue, ila twende. Ndipo bwana akawasha lori, wakampeleka dada hospitali ya misheni.

Nikamwuliza kijana alikuwaje. Akasema mkono wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho.

Unajua ule ni mkono wa nani, shangazi. Na dada unamjua. Baba aliona aibu kukiri kwamba kigoda cha ukoo amekitoa kwa Mzungu, na mlipomshika Jailos, baba akanyamaza. Ni baba yangu, nampenda, na inaniuma kuandika hivi.

Mwanao,
Ambrosi

Kihesa, 1 Februari 1956

Ambrosi,

Hatujambo.

Bibi kizee wa Kizungu atakumbukaje kidole cha mtu tangu mwaka wa nzige? Lori lile nililipata kwa rehema za Mungu. Nimewasimulia watu kanisani, na hata padri ameutolea mfano muujiza ule. Baba yako yuko kaburini, hawezi kujitetea, na wewe uliyemzaa ndiye unamfukua. Hapana, nimekosea, yeye ndiye aliyekuzaa. Ona ulivyonichanganya.

Jumapili nitasema nilichopanga. Usiniandikie tena jambo hili.

Paskalina

Kaka, haya naongeza mwenyewe kabla sijafunga bahasha. Ameniambia nimsomee barua yako tena na tena, na hajala tangu jana. Mtoto aliyekaa vibaya ni mimi. Juliana.

Mbeya, 20 Februari 1956

Shangazi,

Kamwene. Ulinikataza kuandika, lakini nimeshindwa. Kila basi la Iringa likiingia ninasimama pale kutafuta mtu wa kwetu wa kumwuliza, na sijampata. Sijui ulisema nini. Sijui kama Jailos yu hai.

Makumbusho yanafunguliwa Jumamosi ya tarehe 3 Machi. Wenzangu wanataka kadi iseme tu: Kigoda cha Wahehe, zawadi ya mjane. Nimekataa kuiandika. Nikiiandika hivyo, Jailos atabaki mwizi hata ndani ya kabati la kioo. Lakini kuliandika jina la baba bila ruhusa yako siwezi, kwa kuwa mkubwa wetu aliyebaki ni wewe. Mwalimu Asukile amekubali kunisubiri hadi Ijumaa, siku moja kabla ya kufungua.

Mwanao, kama bado ni mwanao,
Ambrosi

Kihesa, 25 Februari 1956

Mwanangu Ambrosi,

Kamwene, mwanangu. Tu wazima, na maharage nimeyapika.

Ile Jumapili nilikwenda Ipogolo na maneno yangu tayari mdomoni. Jailos aliletwa amebebwa. Juliana ndiye aliyekuwa akimimina. Kikombe kikazunguka, kikamruka Jailos kama kawaida, kikaja kwangu kutoka mkononi mwa Juliana. Nikamwangalia mtoto wangu, mzima, mnene, anacheka na wenzake. Nikakiweka kikombe chini bila kunywa.

Nikasimama. Nikasema Jailos hakuiba. Kigoda alikitoa kaka yangu Danieli ili mimi na huyu tuishi, nami ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Nikampelekea Jailos kikombe, hakukipokea. Akanipa kikopo chake, akasema, “Paskalina, anza wewe na hiki.” Nikanywa hadi mwisho. Kilikuwa na ladha ya kutu. Ndipo akapokea kikombe chetu, akanywa, akasema ulanzi wenyewe umechacha. Watu walicheka. Mimi nililia.

Alifariki Alhamisi iliyofuata, tukamzika sisi, wanaume wa kwetu ndio waliobeba. Sikukuandikia kwa sababu ya aibu tu.

Liandike jina la baba yako. Andika alikitoa kigoda kwa ajili ya dada yake, na dada anaitwa Paskalina. Kiacheni hapo hapo kwenye kioo, nyumba yetu itakalia mkeka.

Barua hii anakuletea Juliana mwenyewe kwa basi, pamoja na kikopo cha bati. Wana wa Jailos wamenipa. Kiweke kabati moja na kigoda, usikisugue kutu, na kadi yake uandike: Kikopo cha Jailos wa Ipogolo. Hakuiba.

Shangazi yako,
Paskalina