Siku Arobaini za Gülten

Mwanangu Gülten,

Nilimwambia mumeo aikalie barua hii mpaka mtoto atimize siku arobaini. Kama unaisoma, basi zimetimia. Mwogeshe kwa vijiko arobaini vya maji, kama nilivyokuogesha wewe, kisha mtoke mkaote jua.

Unasema huko London neno karantina linawatisha watu. Hapa Izmir ni jina la mtaa wetu. Miaka yote namwambia dereva, "Nishushe Karantina," na hashtuki mtu. Sasa gonjwa limetufungia kweli. Makbule wa ghorofa ya juu hushusha kapu kwa kamba, nami namtilia mkate. Juzi akapiga kelele, "We Müzeyyen, mkate huu umeuoka au umeuchonga?" Nikacheka, halafu nikaona haya.

Bahari imetulia kama maziwa bakulini. Nikikaa dirishani, nahisi nyumba inaelea, na baba yako yuko chumba cha pili akitafuta miwani.

Kila ulipopiga simu nilikwambia amelala. Mzazi haambiwi msiba ndani ya arobaini; maziwa hukauka. Gonjwa lilimchukua siku ya tatu baada ya wewe kujifungua. Picha ya mtoto aliiona. Alisema, "Masikio yangu hayo, maskini!"

Arobaini yake itakuwa siku tatu baada ya hii ya mwanao. Mimi nitapika halua ya kumrehemu, nawe upike huko.

Arobaini yako imekwisha, mwanangu. Sasa lia.

Mama yako,
Müzeyyen