Ukuta Mliomrukisha Barasa

Wadi Kabir, Muscat

Kwako Baba,

Nakusalimu kwanza, kwa sababu Mama alinilea hivyo, ingawa nakuandikia kwa hasira. Mgongo wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma na jirani ilikufikia? Mimi ni mzima. Joto la huku limeanza, nguo inakauka kabla hujamaliza kuianika, na hotelini bado tunavalishwa tai. Basi, salamu zimekwisha.

Jana nilikupigia simu. Nilipotaja jina la kaka yangu Barasa, ukakata. Nikapiga tena, ukamwacha Mama apokee aseme umelala, na huku nasikia unakohoa hapo hapo. Barua huwezi kuikata, Baba. Ukiichana, nimemwandikia Mama nyingine kama hii hii.

Pale hotelini ninapohudumia mezani huja Waayalandi kila Ijumaa, mainjinia na walimu. Wana mpira wa kwao, wa kushika kwa mikono na kupiga kwa miguu, na goli lina nguzo ndefu kama za raga. Wanasema timu ya nyumbani kwao, miaka ya tisini, ilikuwa na vijana ambao hawajapata kuonekana tena, na haikushika kombe. Wanafika fainali, wanapigwa. Mwaka unaofuata wanafika, wanapigwa. Wanakaa wakikumbushana pasi hii na refa yule mwizi, mpaka mtu mzima anafuta machozi.

Kati yao kuna mmoja mnene, mpole, anaitwa Liam. Ijumaa iliyopita nilimwuliza mwenzake mbona huyu huwa hachangii.

"Huyo ndiye aliyecheza," akaniambia. "Fainali ile, mpira wa mwisho alipewa yeye, akaupiga nje."

Nikabaki na sinia mkononi. "Na mnakaa naye meza moja?"

"Tungekaa na nani? Bila yeye hata fainali tusingeiona."

Liam alisikia, akacheka na kuomba chai nyingine.

Niliingia jikoni nikalia, na si Waayalandi niliokuwa nikiwalilia. Niliilia timu yetu ya Radi. Wewe ndiye uliyetufundisha kuisimulia timu ile. Yule kipa aliyedaka mpira akauficha mgongoni kuwachokoza watu. Wale mapacha wa pembeni, waliofanana mpaka refa akampa kadi ambaye hakukosa. Na Barasa na ule mguu wa kushoto. Kila akifunga ulisimama ukawageukia mashabiki wa upande wa pili ukasema, "Huyu ni wangu!" Nani angeifunga timu ile kwa haki? Na haikuleta nyumbani hata kombe la kuwekea maua.

Siku ile ile nikapita kwa fundi gari mmoja hapa mtaani, Simiyu, mtu wa mji wetu. Yeye ananijua kwa jina la ubatizo tu, hajui mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia Radi.

"Dada yangu, usinikumbushe," akasema. "Tulikuwa na timu, wacha tu! Halafu yule Barasa akauza mechi."

"Nani amekwambia aliuza?"

"Si babake mwenyewe? Alisimama sokoni akasema huyu kijana amekula hongo, si wangu tena. Sasa mzazi akisema hivyo, wewe ni nani ubishe?"

Nilijua humsemeshi mwanao tangu fainali ile. Nilidhani ni uchungu wa kushindwa. Sikujua kwamba ulisimama sokoni.

Basi nitasema mimi, kwa kuwa Barasa hasemi. Wewe ulikuwa mkuu wa wazee wa timu. Asubuhi ya fainali mganga wenu aliwaambia kwamba kwenye lango la kuingilia uwanjani pamefukiwa kitu, timu ikipita hapo miguu yote itakufa. Mkawaamuru vijana waruke ukuta wa nyuma, wamevaa njumu, na lango liko wazi, askari anawashangaa. Mimi nilikuwa chini ya ukuta na ndoo ya machungwa. Nilimwona Barasa akitua vibaya, nikalisikia goti. Ulikuja mbio, ukalifunga kwa kitambaa chako cha samawati, ukamwambia, "Kaza roho, mwanangu. Kocha asijue."

Kocha hakujua. Goti lilikuwa la kushoto, Baba. Ndiyo maana penalti ya mwisho aliipiga kwa mguu wa kulia, akaikosa, na mji mzima ukauliza kwa nini amebadilisha mguu kama hakununuliwa. Wewe ulijua kwa nini. Fundo la kitambaa ulilifunga mwenyewe.

Amenyamaza miaka yote hii watu wasikucheke wewe, kwamba wazee wa Radi walikimbia lango lililo wazi wakamvunja mchezaji wao. Nawe ukamlipa kwa kumwita mwizi. Huo ni ubaya. Nimetafuta neno laini la kuweka hapo, sina.

Sasa anataka kuoa. Desemba wazee wanakwenda kwa kina Naliaka, mchumba wake, kuzungumza, na wa kuwaongoza ni wewe. Mama ameniambia ulivyojibu, "Aongozwe na wale waliomnunua." Unajua vizuri kwamba ukweni hawafungui mazungumzo wakati baba yuko hai na hakuja. Wameshaanza kuuliza kijana ana kasoro gani mpaka babake amkatae. Naliaka akiondoka, atakuwa ameondolewa na wewe.

Nimeomba likizo, arbabu wangu, yule bosi wa hotelini, amekubali. Siku hiyo nitakuwepo. Sikuombi urudi sokoni. Nakutaka uvae lile koti la kahawia, uketi mbele ya wazee wa kule, useme "Huyu ni wangu," kwa sauti ile ile ya uwanjani. Usipokuja, nitakwenda na shangazi, na wakituuliza baba yuko wapi nitawasimulia ukuta, na mganga, na kitambaa. Usidhani nitaona aibu. Barasa alirithi upole wa Mama. Mimi nilirithi mdomo wako.

Nisalimie Mama, na pole yake kwa kukaa na wewe. Nisalimie shangazi, dada yako, mwambie akukazie macho mpaka Desemba. Mdogo wetu wa mwisho mwambie viatu vya shule nimevipata. Wazee wenzako wa timu sina salamu zao. Barasa nitamsalimu mwenyewe.

Ni mimi binti yako, mwenye hasira na wewe, na bado ni wako,

Nekesa

Tena, Baba: siku hiyo ukifika kwa kina Naliaka utakuta lango liko wazi. Pita hapo.