Ufagio Uliofungwa Kitambaa

Mtaa wa Wafinyanzi,
Rishton.
14 Agosti 2019

Mpendwa Shangazi Oyniso,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Almaty. Sisi tunaendelea vizuri. Baba bado anashinda kwenye gurudumu lake la udongo. Macho ya Bibi yamefifia, ila masikio bado makali.

Hunijui vizuri, kwani uliondoka nikiwa nabebwa mgongoni. Mimi ni Munisa, binti wa kaka yako. Nalala katika chumba kilichokuwa chako.

Tangu majira ya baridi mwili unaniuma. Leo mabega, kesho nyonga, siku nyingine hata mshono wa gauni unachoma ngozi. Nalala usiku kucha, naamka kama mtu aliyepigwa. Nikifua leo, kesho yake birika la chai linanishinda. Kabla ya likizo, darasani ninakofundisha, nilisahau neno "chaki". Nikainyooshea kidole tu, wanafunzi wakacheka. Vipimo vya damu havikuonyesha kitu. Mama akadhani ni kijicho, akanifukiza majani mpaka nikatapika.

Unajua msichana aliyeposwa, kama mimi sasa, hufagia ua alfajiri, na majirani husikiliza. Mpini uliniumiza viganja, nikauzungushia kitambaa cha pamba. Bibi alipoupapasa, akakaa chini palepale.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Hakuna, Bibi. Mikono inauma tu."

"Oyniso," akasema, kama anayerudia maneno yake ya zamani. "Oyniso mwanangu, ufagio haujamuua mtu."

Tangu siku hiyo ananiita kwa jina lako, ambalo humu ndani lilikuwa halitajwi.

Mama ndiye aliyenisimulia. Kwamba nawe ulipoposwa uliufunga ufagio wako hivyo hivyo, na kwamba mama mkwe wako aliwaambia majirani, "Sisi hatukuoa mke, tumeoa godoro!" Kabla mwaka haujaisha ukarudishwa kwa Babu.

Nilikwenda Fergana kwa daktari mwanamke. Alinibonyeza shingo, mabega na magoti, akauliza maswali mengi kuhusu usingizi. Akasema ugonjwa huu una jina, faibromayaljia, na uchovu wake si uvivu wala wazimu. Dawa ya kuuondoa kabisa hakuna, ila mtu huweza kuishi nao: kulala kwa utaratibu, kunyoosha viungo kidogo kidogo, kupumzika kabla nguvu hazijaisha. Nilipotoka nililia, na si kwa ajili yangu. Nilikuona wewe, umeinama katika ua wa watu, huna hata jina la kuwatajia.

Sijui kama ndio uliokupata. Niambie, Shangazi. Je, maumivu yalikuwa yakihama? Je, hata kukumbatiwa kulikuuma?

Jumapili watu wa Sherzod, mchumba wangu, wanakuja kuvunja mkate. Mkate ukishavunjwa, ahadi ya ndoa imefungwa. "Funga mdomo mpaka mkate uvunjwe," Mama ananisihi. "Nani atamchukua msichana aliyechoka kabla ya harusi?" Nami naogopa Sherzod asije akaniacha, maana nampenda. Lakini kila ninapofikiri kunyamaza, nasikia ufagio wako.

Jana alfajiri niliusikia kwelikweli. Nilikuwa bado kitandani, miguu imekataa, na uani mtu anafagia polepole. Nikajikokota hadi mlangoni. Alikuwa Bibi, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika kitambaa cha mpini.

"Kalale, Oyniso," akasema bila kugeuka. "Siku zile ingefaa nikufagilie mimi."

Sikumsahihisha. Niliitika kwa niaba yako, nikarudi kulala.

Basi Jumapili nitasema, mkate ukiwa bado mzima. Nitaanza kwa kulitaja jina lako.

Nisalimie Raushan, rafiki yako mnayeshona naye. Mama anakusalimu. Baba naye amenipa bakuli dogo la buluu nikufungie. Mungu akupe usingizi unaopumzisha.

Mimi binti yako, ninayekupenda kutoka chumbani mwako,

Munisa