Ndoo Juu ya Kigoda Changu

Butiama,
Julai 2020

Mdogo wangu Nyangi, Mama Lukas,

Pokea salamu zangu, na za wifi yako Matrida aliyenikataza kukuandikia upuuzi, na za yule ng'ombe mwekundu aliyekukimbiza Krismasi mpaka ukaacha kandambili moja zizini. Kandambili ipo, njoo uichukue. Hujambo wewe? Hawajambo huko Suguti? Shemeji Benson mgongo wake umepona, au bado anausingizia siku za palizi na kuusahau siku za kwenda ziwani? Sisi huku wazima. Ni goti langu la kushoto tu ndilo linajifanya mgeni, linataka kubebwa.

Ninaandika kwa sababu kwenye simu wewe hukata nikianza kunoga, halafu mimi nikishika simu naongea mpaka wapita njia wanasimama kuitikia. Habari hii sitaki waiitikie.

Nikujulishe, mdogo wangu, kwamba kaka yako sasa ni mtu maarufu. Jina la Mugeta linatembea kwenye simu za watu toka Musoma mpaka Dar es Salaam. Vijana wakiniona hapa senta wanapigana viwiko, watu wa redio wananitafuta, na nikitaka kununua hata kiberiti inabidi nishushe kofia ili nisisumbuliwe.

Haya, acha niseme vizuri. Jina linatembea kweli, hapo sikudanganya. Ila aliyelitembeza ni Eliasi wa Nyakato, wanayemtafuta redioni ni Eliasi wa Nyakato, na jina langu limo ndani ya matusi ya Eliasi wa Nyakato. Kofia nashusha kwa aibu.

Eliasi unamfahamu. Ni yule mrefu mwenye shingo kama ya korongo, tuliyekuwa tunapiganaga naye ritungu, kinubi chetu cha wazee, kwenye harusi tangu wewe hujaolewa. Unakumbuka tulivyokaaga: yeye kigoda chake huku, mimi changu kule, watu katikati. Yeye anaimba kunitukana, akimaliza anazima nyuzi zake kwa kiganja, anageuza shingo yake hiyo kuniangalia, na watu wote wananyamaza wasikie nitamjibu nini. Namjibu. Nazima zangu, namwangalia. Basi hivyo hivyo mpaka bibi harusi anasahaulika. Mmoja akikaa peke yake haiwi ngoma, inakuwa mtu mzima anayelalamika.

Halafu korona ikaja. Wewe kwako samaki hawakuacha kuzaana, hukuona shida yetu. Harusi zikaahirishwa. Hoteli ile ya Bunda, karibu na geti la mbuga, tulikokuwa tunawapigia Wazungu wakati wa chakula, ikafunga kabisa, hata mlinzi akarudi kwao kulima mihogo. Wapiga ngoma wa Suguti mliwaona wenyewe, walianza kufyatua matofali. Makanisa yalibaki wazi, lakini huwezi kwenda kumtukana mtu mbele ya altare, Padri hapendi. Nikatundika ritungu langu ukutani. Nikamwambia Matrida tutangoja, nchi nzima inangoja, hata Eliasi anangoja.

Kumbe Eliasi hangoji.

Ana mjukuu, Brenda, anasoma ualimu Mwanza. Chuo kilipofungwa akarudi Nyakato yetu hii ya Musoma na simu yake kubwa kama kigae, akamkalisha babu yake uani, akampiga video. Mzee yule amevaa kanzu ya harusi na barakoa imeshuka kidevuni kama ndevu za mbuzi. Akaimba kwamba yuko mzee mmoja Butiama, Mugeta, suruali yake imefungwa kwa kamba ya katani, amejifungia ndani kwa kuogopa ugonjwa, hata jogoo wake amemvalisha barakoa, ndiyo maana Butiama hakuchi. Watu wakafa kwa kicheko. Video ikaruka. Akatoa nyingine, nikawa nimejifukiza nyungu mpaka nimeiva, mke wangu ananila na ugali. Walioko Dar, watoto wetu hawa waliosahau hata njia ya kurudi, wakawa wanamwomba aimbe zaidi. Mmoja akamtumia redio mpya, mwingine mashuka. Mashuka, Nyangi! Mimi nalala kwenye shuka lenye dirisha, na aliyetukanwa ni mimi.

Sikufichi, wivu ulinikamata kama tumbo la kuhara. Nilikuwa naenda kwenye kibanda cha kuchajia simu pale senta, nasimama nyuma ya vijana, barakoa mpaka machoni, naangalia video zake ili nione kosa. Mtu akisema huyu mzee anajua, nakohoa, wote wanakimbia.

Na kosa nikaliona. Tena mawili.

La kwanza, pembeni yake alikuwa ameweka kigoda, na kigoda kile ni changu. Nakijua kwa ule mguu uliotafunwa na mbwa. Nilikiacha kwake siku ya harusi ya mwisho kabla ya kufungwa, nikijua nitakikuta wiki ijayo. Na juu ya kigoda changu ilikuwepo ndoo. Ndoo ya kunawia mikono, yenye koki na kipande cha sabuni. Mdogo wangu, nimewahi kuwaonea wivu wanaume, na ng'ombe wa jirani, lakini kuionea wivu ndoo ilikuwa mara yangu ya kwanza.

La pili, kila akimaliza ubeti alikuwa anazima nyuzi, anaikodolea macho ile ndoo, na ananyamaza. Ananyamaza muda mrefu. Hapo vijana ndipo walipokuwa wanacheka zaidi, wanasema babu anasubiri ndoo imjibu. Mimi nikasema, ahaa! Nimempata. Nikawatangazia pale kibandani, na sokoni, na nje ya kanisa, kwamba huyo si utani, huyo amesahau. Kumbukumbu imemtoka. Hajui aendelee na nini, hajui hata alipo, anaangalia ndoo kama mtoto aliyepotea. Niliyasema kwa sauti ya huruma. Unaijua ile sauti yangu ya huruma.

Nikaona sasa na mimi nijitoe mtandaoni. Nikampa Matrida simu, nikakaa mbele ya zizi, nikakaza nyuzi ziende juu kuliko za Eliasi. Nikakaza tena. Uzi ule mnene, wa kwanza, ule unaonguruma ninaomjibia, ukakatika, ukanichapa mdomo. Matrida alicheka mpaka akakaa chini. Ukiiangalia hiyo video utaona bati la nyumba yetu na kusikia mwanamke anakufa kwa kicheko, basi. Ameitunza. Akiwa na mawazo anaifungua. Nikalirudisha ritungu ukutani likiwa na pengo, na watu nikawaambia nimestaafu kwa kuheshimu agizo la serikali.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumanne. Mambo yamefunguliwa, watu wanaoa kama wamefukuzwa. Nimekaa nje namenya muwa, naona pikipiki inaingia, na juu yake Brenda mwenyewe. Alinipigia goti, akamsalimia bibi yake Matrida, akanawa bila kuambiwa. Akatoa kadi. Anaolewa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Bunda, kwa wazazi wa mwanamume. Nikampongeza. Nikamuuliza kama babu yake atapiga. Akainamisha kichwa.

Akasema ndilo lililomleta. Kwenye kamati ya harusi wamesikia kwamba babu anasahau. Wameambiwa na watu wa huku kwetu, akasema, na hakusema nani, ila Matrida aliniangalia mimi. Kamati imeogopa mzee asije akaaibika mbele ya wageni, akanyamaza katikati ya wimbo kama anavyonyamaza kwenye video. Kwa hiyo wameamua amkalie pembeni Renatus, yule kijana wa kinanda cha umeme wa Musoma, na babu akinyamaza tu, Renatus ajaze. Kila penye kimya, kinanda. Brenda alitaka mimi, kama mtu wa fani na mtu aliyemzoea babu yake, nimwonyeshe kwenye video ni wapi hasa mzee anapotea, ili Renatus ajiandae.

Nikamwambia hiyo kazi ndogo, lete. Moyoni nilikuwa nacheza. Akaweka simu juu ya ndoo yetu iliyopinduliwa, tukakaa. Hapakuwa na vijana wa kibandani wa kucheka. Kulikuwa na kuku tu, na Matrida anapepeta mtama.

Eliasi akaimba habari za jogoo wangu na barakoa. Akazima nyuzi. Akageuza shingo. Nikanyoosha kidole nimwonyeshe Brenda, hapo, unaona, amepotea hapo, lakini mdomo ukanitangulia. Nikasikia naimba kwamba heri jogoo mwenye barakoa kuliko korongo wa Nyakato aliyemeza chura akadhani ni habari njema. Ni jibu langu la siku zote, nimebadilisha maneno kidogo tu. Nikafika mwisho, nikavuta pumzi, na pumzi ilipoisha Eliasi akapiga uzi wake wa kwanza.

Nikamwambia Brenda arudishe. Akarudisha. Ikawa vile vile. Nikamwambia alete nyingine, ile ya nyungu. Pale jibu langu lilikuwaga refu zaidi, kwa sababu namwingiza na mama mkwe wake. Na kimya kilikuwa kirefu zaidi. Eliasi anaangalia ndoo, anangoja, na mahali pale pa mama mkwe, ambapo miaka yote hushindwa kujizuia, akatabasamu. Hapana mtu. Akatabasamu.

Matrida aliacha kupepeta.

Nikamuuliza yule binti ndoo ilifikaje kwenye kigoda. Akasema ni yeye aliyeiweka. Babu alikataa kupigwa video bila kigoda kile kuwepo, upande ule ule wa kushoto. Na yeye Brenda aliona kigoda kitupu kwenye picha kinatisha, kama kuna mtu amefariki, ndipo akaweka ndoo. Nikamuuliza tena, babu yako anajua kwamba watu wanasema amesahau? Akasema anajua. Aliuliza nani kasema, akaambiwa ni maneno ya Butiama. Akacheka, akasema kumbe Mugeta bado yupo mzima. Tangu Machi alikuwa hajasikia neno toka kwake.

Nyangi, mimi si mtu wa kulia. Nilienda kumwangalia ng'ombe.

Niliporudi nilimwambia Brenda awaambie kamati kwamba mzee hajasahau hata herufi, na aliyesema hivyo ni mtu wa hovyo anayejulikana. Renatus akae na kinanda chake popote atakapo, akae hata juu ya keki, lakini kigoda kile kisiguswe na makalio yake. Nikamwambia nitakuja. Akaniuliza kama ritungu langu ni zima, maana limekaa ukutani siku nyingi. Nikasema zima kabisa. Matrida, Mungu ambariki, alitazama mtama wake.

Usidhani wivu umeniisha. Mashuka bado yananiuma. Yeye amebaki na jina na redio, mimi nimebaki na kimya chake, na kimya huwezi kukitandika kitandani. Ila kwa ajili ya Mzee Eliasi nitakwenda Bunda, na ninalo jibu la jogoo, la nyungu na la ndoo, na la ndoo sitakuandikia hapa kwa kuwa barua zako husomwa na Lukas.

Kinachonikwamisha ni uzi ule mnene. Hapa senta nikiulizia, kabla sijafika nyumbani Nyakato nzima itajua kwamba Mugeta alikuwa amekaa na ritungu lenye pengo, na Eliasi ataniimba hivyo mbele ya wakwe. Sasa, mdogo wangu, kumbuka. Ulipokuwa msichana ulichomoa uzi wa ritungu langu ukamfungia mbuzi wa Baba, mbuzi akaenda mnadani Bunda na uzi wangu shingoni, hatukumwona tena yeye wala uzi. Ulisema utanirudishia. Nimenyamaza miaka yote hiyo kwa upole wangu.

Nisalimie shemeji, nisalimie Lukas, msalimie na huyo jirani yako anayepika dagaa na mchanga. Mwambie Benson akate mshipi ule mnene kabisa anaotegea sangara, upana wa mikono yake yote miwili ikinyooshwa, uuviringe, uufukie ndani ya mfuko wa dagaa, umpe Lukas aniletee kabla ya Jumamosi ya mwisho. Usinitumie mwembamba. Mwembamba ni wa kubembelezea watoto, na mimi kuna mtu anangoja nimtukane.

Ni mimi kaka yako,
Mugeta

Nataka uzi wangu, Nyangi.