Midomo ya Bibi Harusi

Windsor, 3 Novemba 1958

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, sijui kifua chako na baridi ya huko. Nimepata kazi, Mama. Nitakuwa bibi harusi kwenye filamu ya kutisha, ile hadithi ya kale ya mume anayemzamisha mkewe kinamasini. Tunaipigia katika jumba moja kuukuu kando ya mto, na humo humo tunalala. Mwongozaji, Bwana Lorrimer, ni mpole, hapandishi sauti kamwe. Aliniuliza kama najua kuogelea. Nikamwambia sijui. Akasema, "Vizuri."

Mwanao,
Doreen

Nelson, 8 Novemba

Mwanangu Doreen,

Mimi sijambo, kifua ni kile kile. Shangazi yako Hilda anakusalimu, keshatangaza habari zako mtaa mzima. Ila hiyo "vizuri" imenikaa kooni. Mtu mwema angesikitika. Wakikwambia uingie majini, kataa.

Mama yako

Windsor, 12 Desemba

Mama mpendwa,

Habari za huko? Nisamehe kwa kimya. Nililazwa kidogo, mafua tu. Sehemu ya kinamasi imekwisha salama: maji ya magotini, mengine yote ujanja wa kamera. Bwana Lorrimer kafurahi hata kanipa filamu ya pili, nayo ni ya majini. Tutaanza Mei. Hii ya kwanza usiende kuitazama. Inatisha mno.

Mwanao,
Doreen

Nelson, 20 Aprili 1959

Doreen,

Sikuulizi hali, nimeiona. Jana mimi na Hilda tulikwenda sinema. Ulipozama, ukumbi mzima ulipiga mayowe, kisha wakacheka, wakarudia aiskrimu zao. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye midomo yako. Sauti yako haikuwamo, muziki mtupu. Lakini sisi wafumaji wa viwanda vya nguo hatuhitaji sauti. Kwenye kelele za mitambo tumesemezana kwa midomo maisha yetu yote, na wewe nilikufundisha ungali mdogo. Nilikusoma, mwanangu. Ulisema, "Siigizi. Mguu umenasa. Mama." Ukarudia, na kamera haikutikisika. Nilimgeukia Hilda, mfumaji mwenzangu, nikidhani macho yangu yamenidanganya. Alikuwa analia.

Nakuja kukuchukua.

Mama yako

Windsor, 23 Aprili

Mama yangu,

Usije, naja mwenyewe. Nilidhani hakuna aliyenisikia. Siku ile walinivuta nje pale tu Bwana Lorrimer aliporidhika. Alinifunika koti lake, akasema nimeigiza vizuri ajabu, nami nikajilazimisha kumwamini.

Leo nimemwambia siendelei. Hakukasirika. Aliinua simu tu. Jioni, nilipokuwa natoka na sanduku langu, msichana mmoja alikuwa anashuka garini pale langoni. Anaitwa Sheila, katokea Hull. Nilimshika mkono nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayemvumilia mwenye wivu. Kisha akanishukuru, akaingia ndani.

Mwanao,
Doreen